Dume ameandikwa "safi", gamba lake linasema vingine: tunamtambuaje chatu chotara?

Gamba Kavu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nipo Arusha, njia ya Dodoma, kwenye banda la nyoka la kuonyesha wageni na wanafunzi. Kibali kipo ukutani, kwa hiyo wale wa "nani kakuruhusu" naomba mtulie. Kazi yangu ni kulisha, kusafisha vizimba na kuandika kaunta buku.

Mwaka juzi tulipata dume la chatu kwa kubadilishana na mfugaji mwingine ambaye sitamtaja. Alikuja kwenye kiroba ndani ya kreti la soda, juu pamebandikwa solotepu yenye maneno ya biki: SEBAE SAFI. Basi. Hakuna alikookotwa, hakuna tarehe, hakuna habari za mama wala baba. Bosi akanakili hayo hayo kwenye kaunta buku, na huo ndio ukawa ushahidi wetu.

Jike wetu tunamjua. Alitolewa kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga kule Chekereni, chini ya Moshi, vijana walishaleta nyasi za kumchomea. Mwaka huu wamepandana. Mayai 38, mama akajiviringisha juu yake karibu miezi mitatu hataki hata panya, wakatoka watoto 32.

Ugomvi umeanzia hapo. Kuna banda jingine linataka jozi mbili za kuzalishia na wamesema wazi: chatu wa kaskazini halisi. Bosi kaniambia niandike lebo. Nimekataa. Anasema najifanya profesa.

Kwa ambao hawajawahi kufuatilia: chatu wakubwa wa bara letu ni wa aina mbili. Wa kaskazini, Python sebae, yuko toka Senegal mpaka Ethiopia na Somalia. Wa kusini, Python natalensis, toka Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini. Wanakutana wapi? Kenya, na huku huku kwetu kaskazini mwa Tanzania. Yaani sisi tumejenga mpakani.

Tofauti iko kichwani. Wa kaskazini ana doa kubwa jeusi mbele na chini ya jicho, na juu ya kichwa kwa mbele ana magamba mapana yaliyopangika, kushoto sawa na kulia. Wa kusini doa hilo limesinyaa mpaka limebaki kama mstari, na magamba ya juu ya kichwa yamevunjikavunjika, madogo madogo.

Sasa wiki iliyopita dume kajivua gamba (si lile la siasa la 2011). Nikachukua kipande cha kichwa, nikakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikakitandaza kwenye kioo cha dirisha na kupiga tochi ya simu kwa nyuma. Nina kijiti cha meno mkononi, nahesabu gamba moja moja. Mara ya kwanza niliandika kulia badala ya kushoto, maana gamba hutoka limepinduliwa kama soksi. Nikarudia. Kushoto: gamba pana, zima, kama la wa kaskazini. Kulia: pale pale pamepasuka vipande vinne. Doa la chini ya jicho lipo, ila jembamba na kingo zake zimefifia kama wino uliodondokewa na maji.

Huyo ndiye safi? Wajuzi njooni.

Kiboko ya Vichwa

Nyoka ni nyoka. Ponda kichwa, mambo ya kaskazini na kusini mwachie mwenyewe akaeleze akhera.

Chalii wa Sakina

Bila picha huu uzi ni hewa. Nimekaa paleee.

Binti Uru

Gamba Kavu, hongera kwa kijiti cha meno. Nilisoma Mweka, chuo cha wanyamapori, naomba niongezee na kukusahihisha kidogo.

Kwanza, hao chatu wawili zamani walihesabiwa nususpishi, yaani matawi ya spishi (aina) moja. Donald Broadley wa Zimbabwe aliwapitia mwaka 1984, akamwacha wa kusini kama nususpishi. Mwaka 1999 akampandisha kuwa spishi kamili. Kwa hiyo chotara wako kwa vitabu vya zamani ni mchanganyiko wa ndugu wa nyumba moja, na kwa vitabu vya sasa ni wa koo mbili. Nyoka mwenyewe hajabadilika.

Pili, usimhukumu mnyama kwa gamba moja lililopasuka. Nyoka mmoja mmoja huzaliwa na magamba yaliyoungana au kugawanyika, na joto la mayai wakati wa kuatamiwa nalo linaweza kuvuruga mpangilio. Mayai yakikaa kwenye mashine ya kutotoleshea iliyochezewa na TANESCO usiku kucha, watoto wanaweza kutoka na magamba ya ajabu ilhali wazazi ni wa kijiji kimoja. Angalia alama nyingi kwa pamoja. Gamba limepasuka, na doa limefifia, na rangi ya mgongoni haieleweki: hapo shaka inakua.

Uzuri wa magamba ni kwamba idadi haibadiliki. Mtoto akitoka kwenye yai na safu zake, atazeeka nazo hizo hizo. Anakua kwa gamba kutanuka. Kwa hiyo gamba alilovua mwenye miaka kumi linakupa hesabu ile ile ya alipokuwa mtoto. Ila usipime urefu wa nyoka kwa gamba alilojivua, linavutika kama soksi uliyoitaja, utajikuta una chatu wa hadithi.

Tatu, na hapa ndipo naungana na wewe kukataa kusaini. Macho yanaweza kumkamata chotara, lakini hayawezi kumsafisha mtu. Ukiona mchanganyiko, umeuona. Usipouona, hujathibitisha kitu.

Chalii wa Sakina

Dada hapo umekuza mambo. Mimi nimeshika chatu toka niko dogo, mzee wangu alikuwa anaongoza wageni porini. Nikimwona tu najua huyu wa wapi. Chotara anajulikana, anakuwa katikati. Kama mtoto wa Mmasai na Mchagga, utamjua tu.

Mama Kiborloni

Mwanangu Chalii, mimi ni mama wa kuku na ng'ombe, nyoka nawaogopa kama moto. Lakini hilo la "utamjua tu" nimeliwa nalo hela.

Nilinunua kuku kumi wa kienyeji kwa bei ya kienyeji. Miguu myeusi, manyoya ya kila rangi, jogoo ana sauti ya kuamsha kaburi. Miezi mitatu baadaye wanakula debe la pumba kwa siku na hakuna hata mmoja anayejua kuatamia. Chotara. Mama zao walipandwa na jogoo wa kisasa, watoto wakarudishiwa jogoo wa kienyeji mara mbili. Sura ilirudi yote. Damu ya kisasa ilibaki ndani.

Na ng'ombe hivyo hivyo. Mtamba wa kwanza wa zebu na Friesian kila mtu Uru anamjua: nundu nusu, mabaka nusu. Mrudishie dume la zebu, na mtoto wake tena, na mjukuu tena. Unampeleka mnadani na mteja anaapa ni zebu wa Maasai.

Kwa nyoka itakuwa tofauti gani?

Gamba Kavu

Mama, shikamoo. Hakuna tofauti yoyote, na asante, umemaliza kazi ya nusu saa.

Tuchukue hesabu yako. Chotara wa kwanza ana nusu ya damu ngeni. Mrudishe kwa sebae, watoto wanabaki kwa wastani na robo. Tena, thumni. Tena, sehemu moja ya 16, kama asilimia 6. Chatu wa hatua hiyo nikimwekea tochi kwenye kioo atanipa magamba mapana, doa jeusi, kila kitu. Na si kama nyumbu wa farasi na punda ambaye ni tasa, mchezo ukaishia hapo. Machotara wa nyoka kwa kawaida wanazaa, na wanazaa sana.

Chalii, yule wa katikati unayemjua wewe ni yule wa kizazi cha kwanza tu.

Mchagga wa Hamburg

Wakuu nipo Ujerumani, nimeona uzi huu nikacheka peke yangu kwenye treni. Huku watu wanafuga nyoka sebuleni kama sisi tunavyofuga paka, na ugomvi huu huu wanapigana kila siku.

Kuna nyoka mmoja mwekundu wa Marekani, Pantherophis guttatus, mpole, kila mtoto anaanza naye. Wafugaji walimchanganya na ndugu yake wa nyanda za katikati, P. emoryi, wakapata rangi fulani ya machungwa ya maziwa, ikapendwa. Wengine wakaenda mbali wakamchanganya na nyoka wa jenasi (kundi la spishi) nyingine kabisa, Lampropeltis, na watoto wakazaa. Wajukuu wa hao wote leo wako sokoni, na muuzaji wa mkono wa tano anaandika "guttatus" kwa sababu hata yeye aliambiwa hivyo.

Lakini kisa kinachomhusu Chalii ni cha Florida. Kule wana chatu wa Burma waliotoroka au kuachiwa, wamejaa kwenye vinamasi vya Everglades. Kila mtu aliyewaona alisema: Burma, hakuna ubishi. Mwaka 2018 watafiti wa serikali ya Marekani wakatoa matokeo ya vinasaba vya chatu kama 400 wa kule. Kumi na watatu kati yao walikuwa na alama za chatu wa India. Kwa sura ni wa Burma. Bibi yao mahali fulani alikuwa Mhindi, na inawezekana mchanganyiko ulitokea hata kabla hawajafika Florida.

Hao wawili nao hadi 2009 walihesabiwa nususpishi za spishi moja, na wana alama nzuri tu za kuwatofautisha. Wa India, gamba mojawapo la mdomo wa juu linagusa jicho. Wa Burma ana safu ya vigamba vidogo katikati. Ukiwa na kioo cha mkononi utaona. Na bado wale 13 walipita mbele ya macho ya watu.

Binti Uru

Mchagga, umenikumbusha kwa nini jambo hili si mchezo wa mashabiki tu. Chatu wa India, Python molurus molurus, yuko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini: biashara ya kimataifa ya wale wa porini imefungwa. Wa Burma yuko cha II, anauzwa kwa vibali. Sasa mwenye wa India akimwandika Burma amepita. Na akiwa na chotara? Hapo karatasi ndiyo inaamua, na karatasi inaandikwa na mwenye mnyama.

Huku kwetu chatu wote wawili wako Kiambatisho cha II, na nchi ilifunga kusafirisha wanyamapori hai nje tangu 2016, kwa hiyo bosi wa Gamba Kavu hawezi kuuza Ulaya hata akitaka. Lakini hao watoto wakienda banda jingine na lebo ya uongo, miaka kumi ijayo mtu atamchukua mjukuu wao ampeleke mtoni akidhani anarudisha mnyama wa mahali pale.

Chalii wa Sakina

Haya nimeshusha mikono kwa macho. Si wapime vinasaba basi? TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wako hapa hapa Arusha.

Binti Uru

Kupima kunasaidia, ila jua unapima nini. Kipimo rahisi kinasoma vinasaba vya mitokondria (vile vilivyo nje ya kiini cha seli), na hivyo mtoto anapewa na mama peke yake. Mfano wa watoto hawa 32: mama ni wa Chekereni. Ukisoma mitokondria zao utapata jibu la mama, safi kabisa, mara 32. Baba haonekani hata kwa mbali. Mtu asiye mwaminifu anaweza kukuonyesha karatasi hiyo na haijadanganya neno.

Lazima usome na vinasaba vya kiini, sehemu nyingi, na uwe na sampuli za kulinganisha kutoka kwa chatu wa porini wanaojulikana walikotoka. Bila hizo za kulinganisha unakuwa na mizani isiyo na mawe.

Mzee wa Tengeru

Nimesoma yote. Mimi swali langu ni la kijinga: mmesema Gamba Kavu yuko mpakani, aina zote mbili zinakutana huku. Sasa huyo jike wa Chekereni nani kasema ni safi? Si naye bibi yake anaweza kuwa alikutana na mgeni mtoni, bila banda wala bosi?

Gamba Kavu

Mzee, shikamoo. Hilo si la kijinga, limeninyima usingizi siku mbili.

Nimemwangalia jike upya. Doa la jicho la kati kwa kati. Juu ya kichwa magamba yamevunjika lakini si sana. Kwa kanuni ya solotepu, naye hafai. Lakini nikafikiri: huyu hakuchanganywa na mtu. Kama ni mchanganyiko, ni wa mahali pake, umefanywa na mto na mvua na nyoka wenyewe kwa vizazi. Chatu wa Chekereni ndivyo alivyo. Mimi kazi yangu ni kuandika "Chekereni" na kunyamaza.

Dume ndiye tatizo. Anaweza kuwa wa mpakani kama mama, anaweza kuwa mtoto wa mtu aliyechanganya wa Singida na wa kwa Wakenya kwenye kizimba kimoja kwa sababu alikuwa na kizimba kimoja. Sura yao inaweza kuwa ile ile. Kinachowatofautisha ni sentensi moja ambayo mwenye kreti la soda hakuiandika.

Mchagga wa Hamburg

Mkuu, hapo umegonga. Wenzetu wa huku wenye akili wameacha kuuza kwa jina la nususpishi, wanauza kwa jina la mahali: mto fulani, wilaya fulani, mwaka aliokamatwa babu. Kwa sababu majina yanahama. Kuna Lampropeltis triangulum wa Marekani, walimgawa nususpishi 25, watu wakatumia maisha kutunza kila moja kwenye sanduku lake. Mwaka 2014 wakaja wataalamu na vinasaba wakasema spishi saba, nususpishi hakuna. Mwenye lebo ya jina alibaki na jina lililofutwa. Mwenye lebo ya mahali bado ana kitu.

Na yule nyoka mdogo wa mchangani wa kwenu, Eryx colubrinus, huku wanamuuza kama mchanga wenyewe. Wa Misri na wa Kenya walitenganishwa kama nususpishi, wa Kenya akapewa jina loveridgei, kwa heshima ya Arthur Loveridge aliyewahi kuwa mtu wa wanyamapori Tanganyika kabla hajaenda Harvard. Wataalamu wengi leo hawaitambui tofauti hiyo, na wafugaji walishawachanganya zamani. Ukinunua huku, unanunua rangi.

Chalii wa Sakina

Na kifutu je? Wanasema naye ana wa Kisomali.

Binti Uru

Yupo, Bitis arietans somalica, wa Somalia na kaskazini mwa Kenya. Magamba ya chini ya mkia wake yana ukingo katikati, ya kifutu wa kwetu ni laini. Lakini Chalii, nakuomba kama dada yako: usiende kumgeuza kifutu mkia ili uhakikishe. Subiri ajivue.

Kiboko ya Vichwa

Kifutu mmoja anazaa wangapi?

Binti Uru

Kwa kawaida 20 hadi 40. Jike mmoja mwenye asili ya Kenya aliyekuwa bustani ya wanyama Cheki alizaa 156.

Kiboko ya Vichwa

Naondoka kwenye uzi.

Mama Kiborloni

Gamba Kavu mwanangu, bosi kasemaje? Usije ukapoteza kazi kwa ajili ya nyoka, na ada za shule hizi.

Gamba Kavu

Mama, leo asubuhi tumekaa naye. Sikumletea habari za Broadley wala Florida, nilimpeleka dirishani, nikamwekea gamba kwenye kioo, nikampa kijiti cha meno. Nikamwambia bosi hesabu upande huu, sasa hesabu upande huu. Akahesabu kimya. Akauliza, "Na yule aliyetuletea anasemaje?" Nikampigia simu, nikaweka spika. Jamaa akasema na yeye alipewa na mtu, huyo mtu alihamia Mwanza, namba haipatikani. Kisha akaongeza, "Lakini ni safi, mimi nilimwangalia."

Bosi akakata simu mwenyewe.

Banda lile jingine tumewaambia ukweli. Wamesema jozi hawazitaki tena, ila wanachukua watoto wanne wa kuonyesha wanafunzi, hawatawazalisha. Waliobaki tunatenga madume na majike mapema. Dume hatapandana tena hapa kwetu, atakula na kulala na kupigwa picha na wageni, na sidhani kama ana malalamiko.

Ukurasa wa zamani bosi alitaka kuuchana, nikamzuia, tumepiga mstari mmoja juu ya SEBAE SAFI ili bado yasomeke. Chini yake nimeandika hivi:

*Mama: jike, mfereji wa mpunga Chekereni, Moshi. Baba: dume, alikotoka hakujulikani, alama za kichwa zimechanganyika, gamba limehifadhiwa kwenye bahasha namba 1. Mayai 38, watoto 32. Wasizalishwe kwa jina la aina yoyote.*

Bosi amesaini. Kasaini kwa hasira, biki imetoboa mpaka ukurasa wa pili.

Chalii wa Sakina

Picha mkuu. Hata ya bahasha.